Sanduku la Misa la vigango linalouzwa Tanga: kalisi njema, waamini wamesahaulika

Ni sanduku jeusi la ngozi bandia, urefu sentimita 46, upana 34, kina 15, lenye kufuli mbili za namba na mpini wa chuma. Linauzwa katika duka moja la vifaa vya ibada mjini Tanga kwa shilingi 680,000, na likijaa lina uzito wa kilo 8 na ushei. Kwenye bodaboda linatulia likilazwa na kufungwa kwa mipira miwili. Likisimamishwa, vichupa vinavuja. Wanunuzi wake ni maparoko wenye vigango (makanisa madogo ya parokia) vya mbali, Pangani, Mkinga, Handeni, milimani Lushoto, na fedha yenyewe mara nyingi ni mchango wa jumuiya ndogondogo. Waliochanga wana haki ya kujua wanapata nini.

Ndani, kila kitu kimekaa kwenye shimo lake la sponji: kalisi (kikombe cha divai) na patena (sahani ya hostia, mkate wa Misa), siborio ndogo (chombo cha hostia za waamini), piksi (kikopo kidogo) ya kupelekea wagonjwa Komunyo, vichupa viwili vya divai na maji, msalaba wa kusimamisha, mishumaa miwili ya betri, kibati chenye vichupa vitatu vya mafuta, kikopo cha maji ya baraka chenye kinyunyizio, kombe la chuma la kubatizia, korporale moja (kitambaa cha kuwekea vyombo), purifikatori mbili (vitambaa vya kufutia kalisi), kitambaa cha altare (meza ya Misa), stola (utepe wa shingoni wa padre) ya pande mbili nyeupe na zambarau, kibao cha marumaru, kijitabu cha Misa, na kadi ya plastiki yenye maneno ya ubatizo na ya mpako wa wagonjwa.

Ufundi wa kalisi, siborio na stola ni wa kusifiwa bila kusita. Shida ya sanduku iko kwenye fikra iliyolipanga. Limepangwa kwa ajili ya padre anayeadhimisha Misa peke yake pembeni, na mtumishi mmoja wa kumjibu. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, mkutano mkuu wa maaskofu Wakatoliki, ulipopitisha hati ya liturujia (ibada rasmi ya Kanisa), Sacrosanctum Concilium, tarehe 4 Desemba 1963, kwa kura 2,147 dhidi ya 4, uliagiza madhehebu (taratibu za ibada) yarekebishwe ili ishara zionekane wazi na waamini washiriki kikamilifu. Mkate uonekane kuwa chakula, maji yatiririke, mafuta yapakwe yakaonekane, Neno lisomwe katika kitabu chenye heshima. Ukilipima sanduku hili kwa kipimo hicho, nusu ya vitu vyake vinapungua na vingine havikupaswa kuwamo kabisa.

Tuanze na hicho kibao cha marumaru, maana ndicho kinachopandisha bei. Ni sentimita 15 kwa 15, kimefungwa katika kitambaa chekundu, na dukani kinanadiwa kuwa ni jiwe la altare lenye masalia, yaani mabaki, ya mtakatifu, lisilokosekana Misa ikiadhimishwa nje ya kanisa. Zamani ilikuwa hivyo kweli. Wamisionari waliofungua misheni ya Bagamoyo mwaka 1868, na waliotoka hapo kwenda bara, walilazimika kusafiri na altare ya kubebeka. Tangu madhehebu yarekebishwe sharti hilo limeondolewa: nje ya mahali patakatifu inatosha meza ya kufaa, yenye kitambaa na korporale, msalaba na mishumaa. Sheria ya Kanisa namba 932 inasema hivyo, na Maelekezo ya Jumla ya Misale ya Kirumi (kitabu cha altare cha sala za Misa) yanasema hivyohivyo. Kuna jambo zito zaidi. Kanuni ya 1190 ya Sheria hiyo inakataza kabisa kuuza masalia matakatifu. Kama masalia yamo, haifai kuyauza. Kama hayamo, mnauziwa marumaru ya kilo moja na robo. Ombeni kitolewe na bei ishuke. Duka linakubali: bila kibao, sanduku linauzwa 590,000.

Kalisi sasa. Ina kimo cha sentimita 17, bakuli lake ni la shaba iliyopakwa dhahabu ndani na nje, na mguu una kifundo cha kushikia kinachokaa vizuri mkononi. Dhahabu ya ndani ni lazima kwa metali inayoshika kutu au iliyo duni kuliko dhahabu, kwa hiyo hapo mtengenezaji amefanya sawasawa. Pwani yetu lakini haina huruma na shaba. Hewa ya chumvi inapita kwenye mshono kati ya bakuli na mguu, na hapo ndipo ukijani unapoanzia. Geuza kalisi, tazama parafujo iliyo chini ya kitako: ikiwa imelegea, divai na maji ya kusafishia vinaingia kwenye uwazi wa mguu na kuoza humo. Ikazwe kwa mkono, isikazwe kwa koleo. Baada ya Misa ioshwe kwa maji ya uvuguvugu, ikaushwe mara moja kwa kitambaa cha pamba, ndipo irudi kwenye sponji. Sponji yenyewe hunyonya unyevu na kuutunza. Siku mbili tatu za masika ndani ya sanduku lililofungwa zinatosha kuacha alama. Sanduku likae wazi sakristia (chumba cha vifaa vya ibada), na stilwaya au dawa ya kung'arishia shaba isiguse ndani ya bakuli kamwe, kwa sababu tabaka la dhahabu ni jembamba na likishatoka kalisi haifai mpaka ipakwe upya.

Ujazo ndio tatizo. Bakuli linachukua mililita 140 likijaa hadi ukingoni, na hakuna padre anayejaza hadi ukingoni, hesabu 80. Kwa padre mwenyewe zinatosha na kubaki. Tuseme ni sikukuu ya somo (mtakatifu msimamizi) wa kigango, waamini 200, na paroko anataka wapokee katika maumbo yote mawili, mkate na divai. Wakinywa, kila mmoja tone la kulowesha kinywa ni kama mililita 5, yaani lita nzima. Wakichovyewa hostia, mililita 150 hadi 200 zinatosha. Kalisi hii haifiki hata huko, na hauruhusiwi mchezo wa kujaza chombo kimoja kikubwa halafu kugawa baada ya mageuzo (divai kugeuzwa Damu ya Kristo): maagizo ya Vatikano ya mwaka 2004, Redemptionis Sacramentum, yanataka kumimina Damu ya Kristo kutoka chombo hadi chombo kuepukwe kabisa. Vyombo vyote vinawekwa divai kabla, wakati wa kutolea vipaji. Kwa hiyo kigango kikubwa kinahitaji kalisi ya pili yenye ujazo wa mililita 300 hivi, na sanduku halina shimo lake. Bilauri ya kioo, hata iwe nzuri namna gani, haikubaliki, wala kikombe cha udongo, vyote vinavunjika.

Hapa niwakumbushe jambo ambalo wengi hawalijui. Kwa vyombo vya kuwekea hostia, Maelekezo ya Jumla yanaruhusu mti mgumu wenye thamani, mahali ambapo Baraza la Maaskofu limeona hivyo, na mti uliotajwa kwa mfano ni mpingo. Mti wetu! Wachongaji wa Bagamoyo wanaweza kutoa patena ya mpingo yenye kipenyo cha sentimita 22, isiyoingiza maji, ya kuwekea mkate wa watu wote mbele yao. Ulizeni kwanza kurugenzi ya liturujia ya jimbo. Mpingo unafaa pia kwa mguu wa kalisi; bakuli lake haliwezi kuwa la mti, kwa sababu lazima liwe la kitu kisichonyonya.

Patena ya sandukuni ni bamba la sentimita 13, inabeba hostia moja ya padre. Siborio inachukua hostia 80 ndogo. Liturujia iliyorekebishwa inapendelea sana waamini wapokee Mwili wa Bwana uliogeuzwa katika Misa ileile, siyo ule wa akiba, na inataka walau sehemu fulani ya mkate uliomegwa iwafikie baadhi yao. Hostia ya sentimita 7 inayokuja na sanduku ukiimega inatoa vipande vinne vya kueleweka. Tafuteni ile ya sentimita 15: ina mistari ya kumegea, inatoa vipande ishirini na zaidi, na ikiinuliwa, aliyekaa mlangoni anaiona.

Pakiti ya hostia ndogo 100 inayouzwa pamoja na sanduku tusingeishauri. Ni nyembamba mno. Kwa kupokelea mkononi au ulimini zinapita, lakini kwa kuchovya zinalegea na kukatika kabla hazijafika mdomoni. Maagizo yaleyale ya 2004 yanataka hostia za kuchovya zisiwe nyembamba wala ndogo kupita kiasi. Isitoshe, pakiti ikishafunguliwa Tanga, kwa unyevu wa huku, baada ya siku chache hostia zinapinda kama karatasi iliyopata mvuke. Nunueni kwa masista wanaooka, kidogokidogo, kiasi cha wiki mbili. Hifadhini kwenye kopo la bati lenye kifuniko cha kubana, si mfuko wa nailoni. Hostia nzuri ukiivunja inatoa mlio mkavu bila kumwaga vumbi. Ikivunjika vumbi, imekauka kupita kiasi na chembe zitatapakaa korporaleni. Ikipinda bila mlio, imeshika unyevu, iondolewe kabla haijaota ukungu. Unga ni wa ngano tupu na maji tupu. Hakuna muhogo, hakuna mahindi, hakuna asali wala sukari ya kuleta ladha. Mkate usio na ngano si mkate wa Ekaristi, na Misa yenyewe haiwi halali.

Divai haimo sandukuni, inauzwa pembeni, na hapa umakini unatakiwa kuliko kwenye kitu kingine chochote. Kwenye rafu moja dukani humo mlikuwa na chupa za aina tatu: divai ya zabibu za Dodoma, juisi ya zabibu iliyoandikwa ya ibada, na mvinyo wa rosela. Rangi zinafanana. Rosela ni ua la choya, si tunda la mzabibu, kwa hiyo haifai kwa Misa hata kama ni nyekundu na tamu. Juisi ya boksi yenye maji, sukari na rangi nayo haifai. Someni maandishi ya nyuma ya chupa: pawe na zabibu tu. Divai iliyofunguliwa kwa joto la huku inaanza kuchachuka mapema. Kununua chupa ndogo ndiko kuokoa fedha. Ikiwa kali ya kuuma puani, imekuwa siki, haitumiki.

Vichupa vya divai na maji ni vya mililita 50, vya kioo, vyenye mipira ya kuzibia inayokakamaa. Vina herufi V na A, yaani vinum na aqua, lakini zimechongwa kwa wepisi kiasi kwamba kwenye mwanga hafifu wa alfajiri hazisomeki. Kwa divai nyeupe hilo ni hatari kweli. Fungeni uzi mwekundu shingoni mwa kichupa cha divai. Na kama padre akigundua baada ya mageuzo, au wakati wa kukomunika, kwamba kalisini mlikuwa na maji matupu, Maelekezo ya Jumla yana njia: maji yanawekwa kando katika chombo, inatiwa divai na tone la maji, kisha anasema yale maneno ya simulizi ya Karamu ya Mwisho yanayohusu kalisi, bila kugeuza mkate tena. Msakristia ajue hilo ili asihangaike huku na huku altareni.

Vitambaa ni sehemu dhaifu kuliko zote. Korporale ni sentimita 30 kwa 30, ya tetroni. Weka juu yake kalisi, siborio na patena, hakuna nafasi iliyobaki. Weka tone la maji, linatembea juu ya kitambaa badala ya kuzama. Kitambaa kisichonyonya hakina kazi karibu na kalisi. Purifikatori zake pia ni hivyohivyo, zinasukuma unyevu badala ya kuufuta. Nendeni Ngamiani hapa Tanga, nunueni mita mbili na nusu za pamba nyeupe nzito au lini, fueni kwanza ili kisinyae, ndipo fundi akate: korporale mbili za sentimita 50 kwa 50, purifikatori sita za 45 kwa 30, vitambaa viwili vya kunawia mikono. Korporale ikunjwe sehemu tatu kwa urefu na sehemu tatu kwa upana, upatikane mraba wa miraba tisa, na upande wa juu uwe ndani. Maana ya mkunjo huo ni kazi, si pambo: chembe iliyodondoka inabaki katikati. Ikifunguliwa, ifunguliwe mezani, isikung'utwe hewani. Maji ya kwanza ya kuloweka korporale na purifikatori yamwagwe ardhini mahali pasafi pasipokanyagwa, au kwenye sakrario (sinki maalumu linalopeleka maji ardhini) kama parokia inayo. Baada ya hapo zifuliwe kama nguo nyingine.

Kifuniko cha kalisi hakimo. Maelekezo yanakitaja kuwa cha hiari, lakini kwa vigango vya huku, mlango wazi na embe zinaiva nje, nzi wanatosha kukifanya cha lazima. Kateni plastiki ngumu ya sentimita 16 kwa 16, ishoneeni pamba pande zote mbili kwa namna ya foronya ili ifulike.

Kitambaa cha altare kina urefu wa sentimita 90. Meza ya darasa ambayo vigango vingi hutumia ina sentimita 120, kwa hiyo mbao zinachungulia pande zote. Shoneni cha mita 2 kwa mita 1 na robo, cheupe. Kimo cha meza hiyo ni kama sentimita 75, na padre anainama kama anayekula chakula cha mchana. Matofali manne ya saruji yaliyosimamishwa chini ya miguu yanaongeza sentimita 23 hivi. Hakikisheni meza haiyumbi kabla ya kutandika.

Mishumaa ya betri tuliiondoa mara moja. Mshumaa ni mwali unaojitoa ukiteketea, na taa ya betri haiteketei. Vinara vyenyewe vinaweza kupokea mshumaa wa kawaida wa kipenyo cha sentimita 2. Upepo wa bahari ukisumbua, tumieni vioo vya chemli. Msalaba ni mzuri, una sura ya Kristo msulubiwa kama inavyotakiwa, ila kitako ni chepesi. Upigilieni kipande cha madini ya risasi chini.

Kibati cha mafuta kinahitaji maneno marefu kidogo. Vichupa vitatu vya alumini, kila kimoja mililita 5, vimeandikwa SC kwa krisma (mafuta ya wakfu), OC kwa mafuta ya wakatekumeni (wanaojiandaa kubatizwa), OI kwa mafuta ya wagonjwa. Herufi ziko kwenye vifuniko tu. Vifuniko vyote vina ukubwa mmoja na uzi mmoja wa kuzungushia. Mtu akivisafisha vyote pamoja na kuvirudisha kwa haraka, krisma inavaa kifuniko cha wagonjwa, na hakuna atakayejua mpaka paji la uso lishapakwa. Chukueni msumari, chongeni herufi zilezile kwenye kitako cha kila kichupa. Krisma pekee ina balsamu (manukato), kwa hiyo pua inasaidia kuhakikisha. Nyuzi za alumini hushikana kwa chumvi ya bahari. Mkizifuta kwa kitambaa kikavu kila wiki hazitashikana.

Sandukuni kuna chupa ya nyongeza ya mafuta ya zeituni iliyoandikwa kuwa ni mafuta matakatifu. Tafadhali msiijaze humo mkaona mmemaliza. Krisma huwekwa wakfu na askofu peke yake, katika Misa ya Krisma, na parokia huipokea kutoka kanisa kuu la jimbo; haiuzwi dukani. Mafuta ya wagonjwa hubarikiwa na askofu, na padre anaweza kuyabariki mwenyewe panapokuwa na ulazima, lakini ndani ya adhimisho lenyewe la mpako. Yanayotumika ni yale ya mwaka huo. Ya zamani hayamwagwi mferejini, huchomwa, pamoja na pamba yake.

Papa Paulo VI aliporekebisha sakramenti ya wagonjwa, kwa hati ya tarehe 30 Novemba 1972, aliruhusu mafuta ya mimea mingine pale zeituni inapokuwa adimu. Hapo watu wa Tanga hufikiria nazi papo hapo. Sheria haikatai mmea, bali uamuzi wa mafuta gani yatumike si wa msakristia wala wa duka. Na lipo jambo la kawaida la kukumbuka: mafuta ya nazi huanza kuganda joto likishuka chini ya nyuzi 24 au 25, kwa hiyo kichupa kilichokuwa maji Pangani kitakuwa donge Lushoto alfajiri. Marekebisho hayohayo yalipunguza sehemu za kupaka. Zamani mgonjwa alipakwa machoni, masikioni, puani, midomoni, mikononi na miguuni. Sasa ni paji la uso na viganja, na maneno yakasemwa mara moja. Ndiyo sababu mafuta yaonekane, mkono wa padre uguse ngozi. Pamba iliyosindiliwa kichupani hutoa unyevu usioonekana. Punguzeni pamba, iwe robo ya kichupa.

Ubatizo umefikiriwa vibaya kuliko yote. Kikopo cha maji kina mililita 70 na kichwa cha kunyunyizia. Kunyunyiza ni kwa ajili ya maji ya baraka juu ya watu mwanzoni mwa Misa. Ubatizo ni wa kuzamisha au kumimina, kanuni ya 854, na maji yatiririke juu ya kichwa. Kumimina mara tatu kwa namna inayoonekana kunahitaji kama mililita 300 kwa mtoto mmoja. Watoto 15 ni lita nne na nusu. Nunueni jagi la lita 2 na beseni pana jeupe visivyotumika kwa kazi nyingine yoyote, na taulo kwa kila mtoto. Kombe la chuma ni zuri, lakini kingo zake ni kali. Zisagwe kwa msasa kabla halijagusa kichwa cha mtoto mchanga. Nje ya kipindi cha Pasaka maji hubarikiwa katika kila ubatizo. Ndani ya kipindi hicho hutumika yale ya Mkesha wa Pasaka kama yapo.

Kadi ya plastiki itupwe. Kwenye upande wa ubatizo imeandikwa "Tunakubatiza". Ni Agosti 2020 ndipo Idara ya Mafundisho ya Imani ya Vatikano ilipotangaza wazi kwamba ubatizo uliofanywa kwa maneno "sisi tunakubatiza" si halali, na aliyebatizwa hivyo abatizwe kama ambaye hajapata kubatizwa. Ni "Ninakubatiza kwa jina la Baba, na la Mwana, na la Roho Mtakatifu", umoja, kwa sababu anayebatiza ni Kristo mwenyewe kwa mikono ya mhudumu, si kusanyiko. Hebu fikirini katekista wa kigango cha mbali, mtoto anazidiwa usiku, padre yuko mbali, anasoma kadi hiyo kwa moyo safi kabisa. Herufi mbili za mwanzo zimeharibu kila kitu. Duka limeelezwa, hadi tunaandika, kadi bado zimo masandukuni.

Kijitabu cha Misa nacho ni cha kizamani, na kuna njia ya kukipima kwa nusu dakika. Fungueni Sala ya Ekaristi ya Pili, mahali anapotajwa Bikira Maria Mama wa Mungu. Kwa agizo la tarehe 1 Mei 2013, jina la Mtakatifu Yosefu mume wake linafuata papo hapo, katika Sala ya Pili, ya Tatu na ya Nne. Katika ya Kwanza lilikuwamo tangu 1962. Kijitabu hiki hakina Yosefu katika ya Pili wala ya Tatu. Padre atumie Misale ya altare iliyoidhinishwa, hata kama inaongeza kilo mbili kwenye mzigo.

Kitabu cha Masomo hakimo kabisa, na hiyo ndiyo dalili kubwa kwamba aliyepanga sanduku hakuwafikiria watu. Mpango mpya wa masomo ulitolewa tarehe 25 Mei 1969 ili meza ya Neno iandaliwe kwa ukarimu: miaka mitatu ya Dominika, A, B na C, na miaka miwili ya siku za juma. Msomaji anayesimama na karatasi ya fotokopi, au simu ambayo ujumbe unaingia katikati ya barua ya Paulo, ananyimwa alama ya heshima anayostahili yeye na wanaomsikiliza. Gharama ya Kitabu cha Masomo cha Dominika ihesabiwe pamoja na sanduku tangu mwanzo wa mchango, na kiwe na begi lake lisilopitisha maji.

Stola tumeisifu na sifa inabaki: upana sentimita 9, kitambaa kizito, upande wa zambarau unatosha kwa kitubio (kuungama) na kwa wagonjwa. Lakini kwa Misa stola pekee juu ya alba (kanzu nyeupe) haitoshi. Kasula, vazi pana la juu, ni vazi la mwadhimishaji, na ya pamba nyepesi ikikunjwa inaingia juu ya sponji mahali kilipokuwa kibao.

Piksi: bawaba yake ni ya springi ya chuma cha kawaida. Shika kutu itashika. Ikianza kufunguka yenyewe, isitumike tena, maana hubebwa mfukoni karibu na moyo kwa bodaboda kwenye barabara ya mashimo. Sanduku lenyewe lisihifadhi Ekaristi hata dakika moja. Mahali pake ni tabernakulo (kisanduku cha Ekaristi kanisani) au mkononi mwa anayempelekea mgonjwa.

Huduma ya duka ni ya upole, wanakuruhusu kufungua kila kitu na kupima maji kwenye kalisi, na wanatoa risiti. Hawana fundi wa kupaka dhahabu upya. Inabidi kupeleka Dar es Salaam. Mkiagiza, dai sanduku bila kibao, bila kadi, bila kijitabu, bila mishumaa ya betri na bila pakiti ya hostia: mazungumzo yalifika 545,000. Vitambaa, jagi, beseni na kifuniko vya kushona na kununua Ngamiani vinaingia ndani ya tofauti hiyo, na kinachobaki kianzishe mfuko wa kalisi ya pili. Kabla ya kulipa, geuzeni kalisi na mjaribu parafujo, fungueni na kufunga piksi mara kumi, na mpitishe kidole ndani ya bakuli kutafuta mkwaruzo. Waliogundua mikwaruzo kwenye kalisi walibadilishiwa siku ileile, waliorudi baada ya wiki hawakubadilishiwa.